Watu wa Lamu na Mtambo wa Makaa ya Mawe

Natumaini mmekwisha kuketi na mwalimu wenu amegawa karatasi za somo. Asiye na karatasi na asogee karibu na mwenziwe, watazame pamoja. Akina mama mliokuja na watoto, msione haya wakilia. Sisi hapa hatuwasikii.

Leo tutajifunza neno moja ambalo mmeliona mara nyingi. Liko juu kabisa ya karatasi yenu, kwa herufi kubwa. Wekeni kidole chini yake, mlisome pamoja nami: TA-NGA-ZO. Tena: ta-nga-zo. Tangazo.

Watu wengi huipita karatasi ya tangazo bila kuitazama. Hubandikwa mlangoni pa ofisi ya chifu, au katika ukuta wa soko, jua likaichoma, mvua ikainyeshea, hata siku moja mbuzi akaila. Nasi husema, hiyo ni karatasi ya serikali, haituhusu. Basi leo nitawasimulia habari za watu wa Lamu, ambao walishinda shauri kubwa sana, shauri la mtambo wa kugharimu kama dola bilioni 2 za Kimarekani. Na katika shauri hilo, neno lililokuwa na uzito kuliko yote halikuwa moshi wala majivu. Lilikuwa hili: wenyeji waliambiwa nini, na waliambiwa lini?

Lamu iko kaskazini ya pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Mji wenyewe uko kisiwani. Ni mji wa kale, nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na njia zake ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kungoja. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji huo katika orodha ya mahali ambapo ulimwengu mzima una wajibu wa kupatunza. Watu wa huko huishi kwa bahari. Huvua samaki, kamba na kaa, huunda majahazi, na wengine hupokea wageni wanaokuja kutazama mji. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na mvuvi yeyote atawaambia kwamba samaki wadogo hulelewa katika mizizi ya mikoko kama vifaranga chini ya mama yao.

Sasa, mwaka 2013, serikali ya Kenya ilitangaza kwamba inatafuta kampuni ya kujenga mtambo wa umeme unaotumia makaa ya mawe. Mahali palipochaguliwa ni Kwasasi, ng'ambo ya bara, kama kilomita 20 kaskazini ya mji wa Lamu. Kazi ilipewa kampuni iliyoitwa Amu Power. Mtambo ulitazamiwa kutoa megawati 1,050.

Najua baadhi yenu mnauliza, megawati ni nini? Ni kipimo cha nguvu ya umeme, kama vile debe ni kipimo cha mahindi. Ili mjue ukubwa wake, kumbukeni kwamba mwaka 2019, saa ile ya jioni ambapo watu wamewasha taa na kila kitu, nchi nzima ya Kenya haikutumia hata megawati 2,000. Basi mtambo huo mmoja ungeweza kutoa zaidi ya nusu ya umeme wote wa nchi.

Na makaa ya mawe ni nini? Si makaa yale ya magunia tunayopikia, yaliyochomwa kwa miti. Haya ni mawe meusi yanayochimbwa ardhini. Katika mtambo husagwa yakawa unga, unga huo huchomwa katika tanuru kubwa, moto huchemsha maji, mvuke wa maji husukuma gurudumu, na gurudumu likizunguka hutoa umeme. Kama mmewahi kuona mfuniko wa sufuria ukirushwa na mvuke, basi mmekwisha kuifahamu nusu ya kazi hiyo. Kwasasi hakuna makaa ya mawe. Shauri lilikuwa yaletwe kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini, mpaka yale ya Kitui yatakapochimbwa.

Shida ni mambo mawili, kinachotoka juu na kinachobaki chini. Kinachotoka juu ni moshi wenye gesi za kudhuru mapafu, na vumbi jembamba sana lisiloonekana kwa macho, na zebaki kidogo kidogo, ambayo ikiingia baharini huingia katika samaki, na kutoka samaki huingia katika mtu anayemla. Tena moshi huo una hewa ya kaboni kwa wingi, ambayo huzidisha joto la dunia. Dohani ya Kwasasi ilipangwa iwe na urefu wa mita 210. Mliofika Nairobi mmeliona lile jengo refu la mikutano, KICC. Dohani hiyo ingekuwa mara mbili ya jengo hilo. Kinachobaki chini ni majivu, kila siku, mwaka baada ya mwaka, na majivu hayo yana sumu yake, lazima yawekwe mahali yasipoweza kupeperushwa wala kuingia katika maji ya visima.

Mvuvi wa Lamu hakuhitaji kufundishwa habari za upepo. Alijua kwamba wakati wa kaskazi upepo huvuma kutoka upande ule ule wa Kwasasi kuja mjini. Alijua pia kwamba mtambo wa namna hiyo hunyonya maji mengi ya bahari kupoza mashine zake, kisha huyarudisha baharini yakiwa na joto. Akajiuliza: kaa na kamba wangu watakaa katika maji ya moto?

Nisiwadanganye lakini. Si watu wote wa Lamu waliopinga. Wako vijana waliosema, tumesoma, hatuna kazi, acheni mtambo uje. Wako wenye maduka waliotazamia wateja. Wako wenye mashamba ya Kwasasi, walioambiwa kwamba ardhi yao itachukuliwa na watalipwa, wakakaa wakingoja malipo miaka mingi, hawajui kama wapande minazi mipya au waache. Hawa nao walikuwa na haki ya kusikilizwa. Mkizungumza habari hizi katika darasa lenu, msimcheke mtu anayesema kwamba angeutaka mtambo. Njaa ya kazi ni njaa kweli.

Pia iko hesabu nyingine, ambayo mimi naiona kubwa kuliko ilivyosemwa. Mikataba ya mitambo ya namna hii huwa na sharti kwamba kampuni italipwa kwa kuwa mtambo uko tayari, hata kama umeme wake hautumiki. Ni kama kukodi lori kwa miaka 25, ukawa unalilipia kila mwezi, nalo limeegeshwa uani kwako kwa kuwa huna mzigo wa kubeba. Na nani alipaye? Ni yule mwenye mita ya umeme nyumbani. Kenya tayari ina umeme wa mvuke wa ardhini kule Olkaria, karibu na Naivasha, tangu mwaka 1981, na ina umeme wa upepo karibu na Ziwa Turkana, megawati 310. Hiyo haihitaji kununua mawe kutoka ng'ambo.

Sasa tuje kwenye sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba kila mtu ana haki ya mazingira safi na ya afya. Ni kifungu cha 42. Andikeni nambari hiyo katika daftari, nne na mbili, arobaini na mbili. Na sheria ya mazingira inasema kwamba mtu akitaka kujenga kitu kikubwa chenye kuweza kudhuru, lazima kwanza afanye uchunguzi wa madhara yake, auandike katika ripoti, na awaeleze wenyeji. Kanuni zinataka matangazo yabandikwe mahali pa watu wengi, yaandikwe gazetini, yasomwe katika redio kwa lugha wanayoifahamu watu, na mikutano ifanywe isiyopungua mitatu. Ripoti hupelekwa kwa mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, ambayo wengi huijua kwa jina la NEMA. NEMA ikiridhika, hutoa leseni. Someni: le-se-ni. Leseni ni ruhusa iliyoandikwa.

Tarehe 7 Septemba 2016, NEMA ilitoa leseni kwa Amu Power.

Huko Lamu palikuwa na umoja wa vikundi vya wenyeji, ulioitwa Save Lamu. Walikuwamo wavuvi, wanawake, vijana, na watu wa kutunza mji wa kale. Jina ni la Kiingereza, lakini watu ni wa pale pale. Walikuwa wamekwisha kusema katika mikutano, na kuandika barua. Leseni ilipotoka, kulibaki njia moja, nayo ni rufaa. Ru-fa-a. Kukata rufaa ni kwenda kwa mwenye uwezo wa juu zaidi na kumwambia, uamuzi huu si wa haki, utazame tena. Kwa mambo ya mazingira, rufaa hupelekwa kwanza kwa Baraza la Taifa la Kuamua Mashauri ya Mazingira.

Lakini sheria hutoa siku 60 tu. Chukueni penseli, tufanye hesabu. Leseni ilitoka tarehe 7 Septemba. Septemba ina siku 30, basi zilibaki siku ngapi katika mwezi huo? Nawangoja kidogo. Ndiyo, 23. Oktoba ina siku 31. Jumlisheni 23 na 31. Mmepata 54. Zimebaki 6 kufika 60. Kwa hiyo siku ya sitini ilikuwa tarehe 6 Novemba, nayo mwaka ule ilikuwa Jumapili, ofisi zimefungwa. Ndugu zangu, mtu asiyeitazama kalenda angalikwisha kupoteza haki yake, hata awe na hoja nzuri namna gani. Shauri la Save Lamu na wenziwe watano lilipokelewa mwezi huo huo wa Novemba. Na kwa sheria ilivyokuwa, likisha kupokelewa, mambo yalikuwa yabaki kama yalivyo mpaka uamuzi utolewe. Hivyo tanuru halikujengwa.

Shauri lilichukua zaidi ya miaka miwili na nusu. Uamuzi ulitolewa tarehe 26 Juni 2019. Baraza liliifuta leseni.

Sikilizeni vizuri sababu yake, maana ndiyo iliyonifanya nichague habari hii kwa somo la kusoma na kuandika. Kampuni ilisema, mikutano tulifanya, watu walikuja. Ni kweli, mikutano ilifanywa. Lakini Baraza lilipotazama tarehe, liliona kwamba mikutano ile ilikuwa kabla ya uchunguzi kufanywa. Watu walielezwa uzuri wa mtambo wakati ambapo madhara yake yalikuwa bado hayajachunguzwa. Uchunguzi ulipokwisha, na ripoti ikatoka, kitabu kikubwa cha Kiingereza chenye kurasa nyingi sana, hapo ndipo ilipofaa watu warudiwe na kuambiwa: tumeona hivi juu ya samaki, tumeona hivi juu ya hewa, nanyi mwasemaje? Hilo halikufanywa ilivyopasa. Baraza likasema kwamba ripoti bila watu kushirikishwa ni kama mtoto aliyezaliwa hana pumzi, hata ikiwa nene na ya kupendeza namna gani.

Fikirini mfano wa posa. Watu wanakuja kwako, wanakunywa kahawa, wanasifu ukoo wao, wanaondoka. Hawakutaja mahari, hawakutaja kijana ana tabia gani, wala hawakutaja kwamba ana mke mwingine. Mwezi wa pili unasikia ndoa imekwisha kuandikwa. Ukiuliza, wanasema, lakini si tulikuja tukanywa kahawa kwako? Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Baraza lilitaja makosa mengine pia, kama vile kutoitazama sheria ya mwaka 2016 juu ya mabadiliko ya hali ya hewa. Lakini halikusema kwamba makaa ya mawe ni marufuku katika Kenya. Lilisema kampuni ikiendelea kuutaka mtambo, ianze upya uchunguzi, ifuate kila hatua ya sheria. Watu wengi hukosea hapa, wakidhani kwamba Lamu walishinda makaa ya mawe. Walishinda haki ya kuulizwa.

Baada ya hapo fedha nazo zilianza kukimbia. Novemba 2019 mkuu wa Benki ya Maendeleo ya Afrika alisema benki hiyo haitaweka fedha zake katika mtambo huo. Novemba 2020 ikajulikana kwamba benki kubwa ya China iliyotazamiwa kutoa mkopo mkubwa, ICBC, nayo imejitoa. Kampuni ilikuwa imekata rufaa kwa upande wake, kama ilivyo haki yake, na shauri likakaa miaka mingi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi. Oktoba 2025 mahakama hiyo iliikataa rufaa ya kampuni, na ule uamuzi wa 2019 ukabaki. Hesabuni wenyewe, tangu 2013 hata 2025, ni miaka mingapi. Mtoto aliyezaliwa Lamu mwaka ule mpango ulipotangazwa alikuwa amekwisha kujua kusoma, kuandika, na kutupa mshipi.

Sasa tugeuze karatasi. Upande wa nyuma pana tangazo la mfano. Si la kweli, nimelitunga kwa ajili ya somo. Nitalisoma polepole, nanyi mfuate kwa kidole.

TANGAZO KWA WATU WOTE. Kampuni inataka kujenga tanuru la kuchoma chokaa karibu na mto. Ripoti ya uchunguzi inaweza kusomwa katika ofisi ya wilaya, saa za kazi. Mwenye maoni ayalete kwa maandishi katika muda wa siku 30 tangu tarehe ya tangazo hili. Tarehe 3 Machi.

Ni mistari michache tu, lakini tazameni yaliyomo ndani yake. Pana mahali: karibu na mto. Mto upi? Tangazo halisemi, na hilo lenyewe ni swali la kwenda kuuliza. Pana ripoti, nayo inaweza kusomwa, yaani una haki ya kuingia ofisini na kusema, nataka kuiona. Kama imeandikwa kwa lugha usiyoijua, nenda na mtu aijuaye, mwalimu au kijana wa sekondari, akusomee ile sehemu ya mwanzo inayoeleza mambo kwa ufupi. Tena pana neno "kwa maandishi". Maneno ya mdomo yakisemwa mlangoni kwa karani huishia pale pale mlangoni. Barua hubaki, hasa ukiandika mbili, moja ukawaachia na nyingine wakaigonga muhuri ukarudi nayo nyumbani.

Jambo moja zaidi juu ya mikutano, kwa kuwa nimeulizwa na darasa moja. Mkifika mkutanoni mara nyingi hupitishwa karatasi ya kuandika majina. Zamani baadhi yenu mliweka dole gumba, sasa mnaweza kuandika jina lenu wenyewe, na ni jambo la furaha. Lakini kabla ya kuandika, someni maneno yaliyo juu ya karatasi hiyo. Ikiwa imeandikwa "Waliohudhuria", basi jina lako linasema tu kwamba ulikuwapo. Ikiwa imeandikwa "Waliokubali", hilo ni jambo jingine kabisa. Na ikiwa juu hapana neno lolote, mwulizeni mwenye karatasi aandike neno kwanza, ndipo nanyi mwandike majina. Atakasirika labda. Mwacheni akasirike.

Kazi yenu kwa Juma hili ni hii. Kwanza, hesabuni siku 30 tangu tarehe 3 Machi, mwandike siku ya mwisho ya kuleta maoni. Msitumie simu, tumieni vidole na daftari. Pili, kila mtu aandike barua ya mistari minne au mitano juu ya lile tanuru la chokaa. Anayelitaka aseme kwa nini analitaka, na asiyelitaka aseme kwa nini halitaki, na wote watie tarehe na jina. Mwalimu asizisahihishe mbele ya watu, azisome tu kwa sauti, darasa lisikie hoja za pande zote mbili. Tatu, mnaporudi nyumbani mpite penye ofisi ya chifu au soko lenu mtazame ukutani. Mkikuta tangazo lolote, hata kama ni la ng'ombe aliyepotea, linakilini mje nalo darasani.

Juma lijalo tutasoma hati ya shamba, na mwalimu awaambie mapema wale wenye hati waje nazo zikiwa zimefungwa katika nailoni, zisipate maji. Kwa herini, ndugu wasikilizaji.